Kamov, mizabibu na watu wa bendera

Watu wengi wakisikia helikopta wanawaza viongozi, kampeni za uchaguzi au watalii wanaoenda kuangalia nyumbu Serengeti. Mimi ya kwanza kuishika kwa mkono wangu ilikuwa inanuka salfa, matairi yamejaa matope, na pale ambapo abiria wangekaa limefungwa tangi la dawa. Ilikuwa Kamov Ka-26, ya Mrusi, na ilikuwa Hungaria, kiangazi cha 1985, nasoma kilimo pale Gödöllő, tumepelekwa fildi kwenye shamba moja la serikali la mizabibu upande wa Gyöngyös, chini ya milima ya Mátra.

Naandika haya kwasababu hapa Dodoma vijana wameanza kukodisha droni za kupiga dawa kwenye zabibu na ukiwasikiliza utadhani kupiga dawa toka angani kumezaliwa juzi. Siwalaumu, hawajui, sisi wazee ndo tumekaa kimya.

Tulifikaje huko, story ni ileile ya wengi wa rika langu, skolashipu ya serikali, mwaka mzima Budapest unafundishwa lugha (Kihungaria jamani, acha tu), halafu ndo chuo. Kiangazi kila mwanafunzi lazima aende shambani, na mimi kwa kuwa nilisema natoka kwenye zabibu nikatupwa kwenye zabibu. Nilifikiri nitaenda kukata matawi. Kumbe nimepangiwa kikosi cha dawa.

Niielezee kwanza mashine maana haifanani na helikopta mnazozijua. Haina lile pangaboi dogo la mkiani. Juu ina mapangaboi mawili, moja juu ya lingine kwenye mhimili uleule, moja linazunguka kulia lingine kushoto, kwahiyo ile nguvu ya kutaka kuizungusha mashine yenyewe inafutika na huhitaji kitu cha nyuma cha kuishikilia. Kwa shamba la mizabibu hii sio jambo dogo, maana lile la mkiani ndo linalogonga nguzo, ndo linalokamata nyaya, na ndo linaloua watu wanaokatiza nyuma ya helikopta wakiwa na mawazo yao. Pembeni kushoto na kulia zimening'inizwa injini mbili za petroli, sio tabaini, kila moja silinda tisa zimepangwa duara, nguvu ya farasi 325, ni ukoo wa injini za M-14 uleule ambao mpaka leo uko kwenye ndege za michezo ya angani za Kirusi kama Yak-52. Mbele kuna kibanda cha watu wawili kimejaa vioo. Na nyuma ya kibanda? Hakuna kitu. Pako wazi kabisa mpaka kwenye mikia, na hapo ndo ujanja wote wa Nikolai Kamov na watu wake ulipo, unafunga unachotaka. Una abiria, unafunga boksi la watu sita. Una mzigo, unafunga jukwaa. Una ubwiri, ule ugonjwa wa kuvu wa mizabibu, unafunga tangi la kubeba mpaka kilo 900 na mabomba yenye nozeli yanayotoka kushoto na kulia.

Iliruka mara ya kwanza 1965, ikaja kutengenezwa kiwandani Kumertau huko Bashkiria, na hadi wanafunga laini miaka ya 80 zilikuwa zimetoka kama 850 hivi. Mapanga yenyewe yalikuwa ya faiba, kitu ambacho kwa miaka ile kilikuwa kipya kweli. Kwenye zile nchi za ujamaa za Ulaya zilitapakaa, Hungaria, Bulgaria, Romania, Ujerumani Mashariki, na kazi zao kubwa zilikuwa hizihizi za shambani.

Watu wanauliza kwanini helikopta wakati kuna ndege. Ndege zilikuwepo, An-2 ile kubwa ya mabawa juu na chini, injini ya farasi 1000, ilipewa ngano na mahindi kule kwenye tambarare ambako shamba halina mwisho. Lakini mzabibu unakaa mlimani, mistari imepinda, kuna miti, kuna kanisa, kuna nguzo za umeme, na zaidi ya yote ubwiri vinyoya unapenda kukaa chini ya jani. Dawa ikidondoka tu toka juu inalowesha uso wa jani wa juu na ugonjwa unakucheka. Kamov ikipita polepole, upepo wa mapangaboi unashuka, majani yanageuka, yanaonyesha tumbo, na ule ukungu wa dawa unaingia ndani. Nilisimama pembeni ya mstari nikaona hicho kitu kwa macho yangu, majani ya kijani yote yanageuka meupe kwa pamoja kwenda mbele kufuata mashine, halafu yanarudi yakiwa yamelowa kotekote, na mimi niliyekuwa nimezoea kumuona baba na bomba la mgongoni akipiga jani kwa jani nilibaki mdomo wazi.

Sasa kazi. Kazi ilianza kabla jua halijatoka, huko mwezi wa sita jua linachomoza kama saa kumi na moja kasorobo alfajiri, kwahiyo sisi wa chini tulikuwa shambani bado giza. Sababu ni upepo. Asubuhi hewa imetulia, jua likishapanda ardhi inapata moto hewa inanyanyuka na dawa yako inaenda kwa jirani au kwenye nyumba za watu. Saa tatu asubuhi mashine inalala, inaamka tena jioni jua likishuka.

Rubani wetu alikuwa mtu wa makamo, mvuta sigara, maneno machache sana. Jioni kabla ya kazi alikuwa anazunguka shamba zima kwa miguu na ramani, anachora kila waya wa umeme kwa penseli nyekundu, na akimaliza anauliza wenyeji kuna waya gani mpya, nani kavuta umeme kwenda kibandani kwake, nani kaweka nguzo. Mwanzoni nilimuona kama muoga. Baadaye fundi akaniambia marubani wa kilimo hawauawi na dhoruba, wanauawa na waya, kwasababu unaruka mita chache juu ya mimea, jua la asubuhi liko machoni, na waya ule mwembamba hauuoni mpaka umeshachelewa. Baada ya hapo nikawa namshikia ramani.

Nilimuomba siku moja anipandishe, kile kiti cha pili kilikuwa wazi muda wote. Akaniangalia toka juu mpaka chini, akasema, "Mwanangu, wewe ni lita 70 za dawa." Basi. Sikuuliza tena.

Lakini rubani sio niliyekuja kumsifia, marubani wana picha zao ukutani. Niongee kuhusu mafundi. Walikuwa wawili, mkubwa na msaidizi wake, wanalala kwenye karavani pembeni ya uwanja kama wachungaji na mifugo yao. Kila injini ina silinda tisa, kila silinda plagi mbili, injini mbili, piga hesabu, plagi 36. Mzee alikuwa akizitoa anazipanga kwenye kitambaa chini kwa mpangilio uleule zilivyokaa kwenye injini, halafu anachuchumaa mbele yake na chai yake anazisoma. Hii nyeusi ya masizi, hapa mchanganyiko wa petroli umezidi. Hii imelowa oili, hiyo ni silinda ya chini, injini za duara silinda za chini siku zote oili inatelemkia huko. Hii ya rangi ya udongo ulioungua ndo nzuri. Yaani bila kompyuta bila nini, anakuambia silinda namba fulani upande wa kushoto ina homa, na ukifungua unakuta kweli. Mimi nimefanya kazi na mafundi wa matrekta maisha yangu yote lakini yule mzee sijapata wa kufananisha naye. Wenzake wote walimwita bácsi, kama sisi tunavyosema mzee au mjomba, na mimi nikamwita hivyohivyo. Siku ya kwanza nilipompa mkono hakuupokea, alinipa spana.

Kazi yangu mimi ilikuwa kuosha. Kila jioni, bila kukosa, maji na brashi. Mnajua mrututu, ule wa bluu, wakulima wa kahawa na zabibu wote wanaujua, chumvi ya shaba. Shaba ikikaa juu ya aluminiamu kwenye unyevu inaitafuna, na helikopta ni aluminiamu tupu. Kwahiyo unaingiza brashi kwenye kila kona, kwenye kila ribiti, chini ya tangi, kwenye mikono ya mabomba, halafu mzee anakuja na tochi anapitisha kidole. Kidole kikitoka na bluu unarudia. Nimerudia sana.

Halafu kulikuwa na mchanganya dawa. Mzee mwingine, kimya, vidole vya bluu mpaka ndani ya kucha, na sizungumzii wakati wa kazi tu, hata Jumapili akiwa amevaa suti ya kanisani vidole ni bluu. Anamimina unga kwenye pipa, anakoroga na mti, anachuja kwa soksi ndefu za kike za nailoni kwasababu punje moja tu ikiingia kwenye nozeli inaziba, na nozeli ikiziba kuna mstari mzima wa mizabibu unapita bila dawa na wiki mbili baadaye mstari huo unaonekana toka barabarani, njano, na kila mtu anajua ni uzembe wa nani. Helikopta ikitua, bomba linaunganishwa, pampu inasukuma, dakika chache imeshaondoka. Mapangaboi hayasimami. Unafanya yote hayo chini ya ule upepo, kofia inaruka, unga unaruka, macho yanawasha.

Na watu wa bendera. Hapa ndo roho inaniuma mpaka leo. Enzi hizo hakuna GPS, rubani atajuaje mstari gani ameshapiga na upi bado? Anasimamishwa mtu kila mwisho wa shamba na bendera nyeupe kwenye mti mrefu. Rubani analenga bendera. Anakuja moja kwa moja usoni kwako, injini zinanguruma, na wewe unatakiwa kusimama mpaka ahakikishe ameshanyoosha, halafu ndo unahesabu hatua zako kwenda upande upepo unakotoka na kusimama tena. Kwenye karatasi ukihama mapema na ukihama upande wa upepo dawa haikufikii. Kwenye shamba la kweli upepo unageuka, udongo unateleza, umebeba mti wa bendera, na rubani asipokuona anarudi tena na dawa ni hela, kwahiyo mtu anachelewa kuhama ili kazi iende. Inakupitia. Unasikia kabaridi usoni halafu ladha ya chuma mdomoni.

Wengi wa bendera walikuwa akina mama wa kijijini, wamefunga vilemba, na nyakati wamezidiwa wanaongezewa wanafunzi, na mimi nikapangwa humo. Mama mmoja alinifundisha, aliponiona nimekodoa macho angani. Akanivuta kola, akasema ukisikia mlio umebadilika ujue amefungua dawa, geuza mgongo, fumba mdomo, vuta kitambaa, pumua ikishapita. Yeye alikuwa anahesabu hatua kwa sauti kama anaimba. Kilemba chake upande mmoja kilishakuwa na rangi ya bluu ya kudumu.

Sasa sikilizeni. Kile kibanda cha rubani wahandisi walikiwekea hewa iliyochujwa, inasukumwa ndani ili ukungu wa dawa usipate mlango. Mrusi alifikiria hilo miaka ya 60, na nampa heshima yake, nchi nyingi rubani wa dawa alikuwa anaruka mlango wazi. Ila akili yote hiyo iliishia kwenye kioo. Huku nje dada wa bendera kinga yake ilikuwa kilemba. Na maziwa! Kila mtu wa dawa alipewa maziwa, eti yanaosha sumu. Nilicheka sana siku ya kwanza maana hata kwetu mtu akimaliza kupiga dawa anaambiwa kunywa maziwa. Jamani maziwa hayatoi sumu, ni chakula tu, kunywa kwa njaa. Mrututu na salfa angalau ni afadhali, ila hazikuwa peke yake, kulikuwa na mapipa mengine yenye picha ya fuvu na hizo nazo zilipita kwenye mabomba yaleyale.

Nikirudi nyuma kidogo, Kamov haikuwa ya kwanza. Helikopta ya kwanza duniani kupewa cheti cha kazi za kiraia ilikuwa Bell 47 ya Mmarekani, tarehe 8 Machi 1946, iliyobuniwa na Arthur Young, ile yenye kioo cha mviringo mbele na mkia wa vyuma kama mnara wa redio. Na moja ya kazi zake za mwanzo kabisa ilikuwa shambani, kupiga dawa matunda na mazao kule Yakima jimbo la Washington, na Argentina wakaitumia kwa nzige. Marubani wengi walikuwa wametoka vitani hawana ajira. Baadaye ikatengenezwa kwa leseni Italia, Uingereza na Japani, jumla zikapita 5,600, na kule Japani zile za Kawasaki zilipiga dawa kwenye mpunga. Kulikuwa na Hiller pia, ya kijana wa California anaitwa Stanley Hiller. Nimeziona Bell 47 kwenye picha na video, ni nzuri, zina sura, lakini injini moja na lile pangaboi la mkiani, mimi nina upendeleo wangu na sioni aibu.

Ya Kamov yaliishaje? Yaliisha kama yalivyoisha mengine mengi kule. 1989 siasa zikageuka, miaka ya 90 mwanzoni mashamba ya serikali na ya ushirika yakavunjwa, ardhi ikagawanywa kwa watu, na shamba ambalo lilikuwa la mistari ya kilomita likawa vipande vya familia, huyu anapiga dawa leo, yule kesho, wa tatu hataki dawa kabisa. Helikopta ya tangi la kilo 900 utaitumiaje hapo? Petroli ya ndege nayo bei yake mnaijua. Mashine zikauzwa kwa watu binafsi, nyingine mafundi na marubani wenyewe wakajikusanya wakanunua. Wengine wakahamia kupiga mbu kwa ajili ya watalii ziwa Balaton, mbu ambao hata malaria hawana, wanang'ata tu! Nilipoambiwa hilo nilinyamaza kidogo. Halafu Hungaria ikaingia Umoja wa Ulaya 2004, na 2009 ikaja sheria ya Ulaya ya kuzuia kupiga dawa toka angani isipokuwa kwa kibali maalumu. Kibiashara ikawa imefungwa kamba. Chache bado zinaruka, kuna watu wanazitunza kwa mapenzi tu, na nasikia wanapata vipuri kwa wale jamaa wa Yak-52 maana ukoo wa injini ni mmoja.

Fundi wangu niliandikiana naye barua miaka kadhaa. Barua zake zilikuwa fupi, hali ya hewa, zabibu za mwaka huo, afya ya injini. Hakuwahi kuuliza habari za siasa za kwetu na mimi sikuuliza za kwao. Yule mama wa bendera sikuwahi kujua hata anakaa nyumba ipi.

Basi turudi kwenye droni. Japani ndo walianza na helikopta ndogo isiyo na mtu, Yamaha R-50, 1987, miaka miwili tu baada ya mimi kushika bendera, kwahiyo hata hilo sio la juzi. Na ni kitu kizuri, sipingi. Hakuna rubani wa kufa kwenye waya, hakuna mtu wa bendera kwasababu satelaiti inajua mstari. Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, ubwiri unga hautupi likizo, kijana akija na droni akamaliza kwa saa moja shamba ambalo mimi na bomba la mgongoni ningelala nalo siku mbili, nani atakataa.

Ila nilienda kuangalia wanavyofanya kwenye shamba la jirani. Rubani wao amekaa kivulini na rimoti na miwani ya jua. Tangi la droni ni dogo, kwahiyo inatua kila baada ya muda mfupi, na kila ikitua kuna dogo wa miaka kama 19 anajaza. Kandambili. Mikono mitupu. Anakoroga kwenye ndoo ya lita 20 na kijiti, uso juu ya ndoo, na mapangaboi ya droni yanampulizia yaliyobaki kwenye nozeli. Nikamuuliza glavu ziko wapi, akasema bosi ananunua betri ya pili kwanza. Maziwa je? "Maziwa tunakunywa mzee, usijali."

Nikamfuata bosi wake, kijana mstaarabu tu, ana elimu yake. Nikamwambia ovaroli, buti, glavu na maski vyote pamoja havifiki robo ya bei ya hiyo betri. Akasema kweli mzee, msimu ujao. Alikuwa ameniletea bei nzuri ya kupiga shamba langu, ekari tatu za mizabibu, mke wangu alishakubali kabisa. Nikamwambia basi na la kwangu liweke msimu ujao hukohuko, akishamvalisha yule dogo anipigie simu.